Sura ya Tisa Imefutwa

Sikilizeni, ninyi wenye watoto vyuoni, na ninyi mnaosimama mbele yao mkiwafundisha. Haya yalitokea mjini Irbid, katika nyumba ya watu wema, na kwa sababu walikuwa wema nimeona nisinyamaze. Yangetokea kwa watu waovu tungetikisa vichwa tu na kwenda zetu, kila mmoja akijiambia kwamba hayamhusu.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, na Hajja Wasfiya alikuwa ameshika sufuria ya maqluba, wali wa kupinduliwa, tayari kuipindua juu ya sinia. Sukari ilikuwa imemla macho na magoti, lakini katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupindua sufuria. Mwanawe Ghaleb alishika sinia upande huu, mjukuu wake Yazan upande ule. Mkwe wake, Ibtihal, alikuwa amekaa karibu na soba, jiko la kuotea moto, miguu imekunjwa chini ya blanketi, anawacheka.

"Semeni bismillahi, nyie! Wali ukimwagika leo namla Yazan."

"Mimi sina nyama, bibi. Mle baba."

"Huyu? Huyu kazeeka, hataiva mpaka kesho."

Sufuria ikainuliwa, na wali ukasimama mzima, bilingani na kuku juu yake, mvuke ukipanda. Wote wakapiga kelele za furaha. Papo hapo simu ya Ibtihal ikalia kidogo, mlio mmoja tu. Akaitazama, na kicheko kikamkatika mdomoni.

"Nani kafa?" Ghaleb akauliza.

"Mimi," akasema.

Niwaelezeni. Ibtihal aliitwa daktari, si daktari wa kutibu bali wa kusomesha. Alifundisha hesabu za dawa katika chuo cha binafsi cha wauguzi, nje kidogo ya mji. Mkataba wake ulifanywa upya mwaka hadi mwaka, na jambo la kwanza lililotazamwa ni alama ambazo wanafunzi walimpa. Chuo kile kilikuwa na mtindo wake: mwanafunzi hakuweza kuona matokeo ya mtihani wake mpaka kwanza ampime mwalimu. Hebu mfikirieni kijana ambaye moyo unamwenda mbio, anataka kujua kafaulu au kafeli, halafu anasimamishwa mlangoni na kuulizwa mwalimu wako alikuwaje? Wengi walibonyeza bila kusoma, ili wapite. Wenye hasira nao walikuwa na muda wa kuandika.

Ibtihal alisoma akiwa amesimama, wali ukipoa.

"Anadhani tunasomea kwenda mwezini."

"Sauti yake ni ya mlango wa duka unaposhushwa."

"Wenzake wanafuta sura. Huyu hafuti hata mkato. Jiwe."

Na moja, ndefu kuliko zote: "Daktari, ukiandika hesabu unatupa mgongo. Unamaliza ubao mzima na sisi bado tuko mstari wa kwanza. Ungegeuka ungeziona nyuso zetu."

Hiyo ya mwisho haikuwa na tusi hata moja, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Matusi angeyajibu kwa matusi moyoni mwake. Hii hakuwa na la kuijibu.

"Eti nawapa mgongo," alimwambia mumewe.

"Basi geuka," Ghaleb akasema, mdomo umejaa.

"Unanifanyia mzaha? Mkate wako huu uko mikononi mwa watoto wanaokasirika wakiamshwa asubuhi, na wewe unanifanyia mzaha?"

Ghaleb akanyamaza. Duka lake la simu lilikuwa limekufa mwaka uliotangulia, na tangu siku ile neno "mkate wako" lilimnyamazisha mara moja. Ibtihal alilijua hilo, na alijuta pale pale. Lakini hakugeuka, si siku ile wala kwa muda mrefu baadaye.

Jumapili, siku yao ya kwanza ya kazi, mkuu wa kitivo, Dk. Nayef, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuwamiminia wageni kahawa kwa mkono wake.

"Alama zako ziko chini, dada yangu. Muhula mwingine wa namna hii, mimi nitakutetea kwa lipi?"

"Hesabu za dawa ni ngumu, daktari. Hakuna anayezifurahia."

"Naelewa. Lakini chuo kinaishi kwa wanafunzi. Wafurahishe kidogo."

"Niwafurahishe vipi? Niimbe?"

Nayef akatabasamu ndani ya kikombe chake. "Mimi siwezi kukwambia. Watazame wenzako wenye alama nzuri wanafanya nini."

Wenzake walikuwa wanafuta. Kila mtihani ukikaribia, wanafunzi humzunguka mwalimu na kumsihi awafutie sura, yaani aseme kwamba sura fulani haitatoka kwenye mtihani, wasiisome. Hili haliandikwi mahali popote. Mwalimu hutamka, wanafunzi huchora mstari kitabuni, imekwisha. Mpango wa masomo unabaki mzima kwenye karatasi, na vichwa vinatoka na mashimo. Mwalimu anayefuta sana huitwa mkarimu.

Muhula uliofuata, wiki ya mwisho, darasa likaanza wimbo wake.

"Daktari, Mungu akuwekee wanao! Tufutie ya tisa!"

"Ya tisa tu, hatutaki kingine!"

"Daktari, mimi nimekonda kwa sababu ya ya tisa, nitazame!"

"We Shadi umekonda? Shati linalia hilo!"

Darasa zima likacheka, na Ibtihal pia akacheka, na akashangaa jinsi ilivyokuwa tamu kucheka nao. Sura ya tisa ilihusu kuchanganya dawa za dripu: kutoa dawa kali kwenye chupa ndogo, kuipunguza makali kwa maji ya chumvi, kupata kiasi kinachomfaa mgonjwa. Ndiyo sura waliyoilalamikia kwamba anaifundisha kwa mbio akiwa amewapa mgongo. Angeweza kuirudia, polepole, akiwatazama. Alikuwa na wiki nzima.

Alifunga kitabu. "Haya. Sura ya tisa imefutwa."

Madawati yalipigwa kama ngoma. Msichana mmoja alipiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Muhula ule alama za Ibtihal zilipanda mpaka Nayef akampigia simu mwenyewe kumpongeza. Maoni aliyasoma kwa sauti mezani: "Mama yetu." "Roho yake ni asali." "Hakuna kama yeye." Alirudia mengine mara ya pili ili Hajja asikie vizuri.

"Na ule mgongo?" Ghaleb akauliza.

"Hakuna aliyeutaja."

Bila shaka hakuna aliyeutaja. Nani atalalamikia namna sura inavyofundishwa, ikiwa haifundishwi kabisa?

Msimcheke haraka, ndugu zangu. Mwanamke huyu alikuwa na mume asiye na kazi, mama mkwe wa kununuliwa dawa, na mtoto anayekaribia chuo. Alikuwa amefundisha kwa uaminifu na kuitwa jiwe, kisha akafundisha nusu na kuitwa asali. Baadhi yetu tungenunuliwa kwa bei ndogo kuliko hiyo. Mihula iliyofuata aliifuta tena ya tisa, na nyingine juu yake, na hakungoja kuombwa. Chuo kikampa ngao ya mwalimu anayependwa. Ghaleb akaitundika sebuleni, karibu na picha ya Hajja akiwa Makka.

Kisha ukaja msimu wa baridi kali, na Hajja Wasfiya akapata homa ya kifua. Sukari yake ikapanda mpaka akawa anawaita watu kwa majina ya marehemu. Wakamkimbiza hospitali. Wodi zilikuwa zimefurika, wazee na watoto wamelazwa katika jengo moja, wauguzi wanapishana mbio. Daktari akaandika: insulini kwa dripu, polepole, kwa mashine.

Muuguzi aliyeingia na trei alikuwa msichana mwembamba mwenye hijabu ya samawati. Alipomwona Ibtihal nusura aidondoshe.

"Daktari Ibtihal! Wallahi ni wewe? Mimi Rawan! Ulinifundisha!" Akamkumbatia, akamgeukia mgonjwa. "Hajja, huyu mkweo, bila yeye mimi hii sare nisingeivaa. Nilimaliza kwa baraka zake."

"Basi zitumie hizo baraka uniondolee kiu," Hajja akanung'unika.

Ibtihal alijawa na fahari. Akakaa kando ya kitanda kumtazama mwanafunzi wake akifanya kazi. Rawan akachukua bomba kubwa la sindano, akachoma chupa ndogo ya insulini, akavuta. Akaendelea kuvuta. Dawa ndani ya chupa ikashuka, ikashuka, mpaka ikabaki nusu.

Fahari ikamganda Ibtihal kifuani.

"Rawan. Unaweka kiasi gani?"

"Yuniti hamsini, kama ilivyoandikwa."

"Hamsini ni mililita ngapi?"

"Tano," Rawan akasema, bila wasiwasi hata kidogo.

"Soma kwenye chupa. Mililita moja ina yuniti ngapi?"

Rawan akaigeuza chupa. "Mia."

"Basi hamsini ni..."

Midomo ya msichana ikatembea kimya. Hesabu aliipata. Ibtihal aliiona ikifika usoni mwake.

"Nusu," Rawan akanong'ona. "Nusu mililita. Mara kumi, daktari. Nimeweka mara kumi." Akaliweka bomba kwenye trei. Halafu akauliza, bila kulaumu, kama mtu anayetaka tu kukumbuka: "Hii si ile sura uliyotufutia?"

Ibtihal alijua kila ukurasa uliokosekana katika kichwa kile. Alikuwa ameuchana mwenyewe.

"Aliyekuonyesha hivi ni nani?"

"Hakuna. Mwenzangu anaumwa, leo niko peke yangu na dripu hizi. Nikaona haya kuuliza, wataniambia umesoma nini..." Akageukia mlango ghafla. "Jad."

"Jad nani?"

"Mtoto. Chumba cha mwisho. Sukari imemwanza juzi. Nimemwekea kabla sijaja huku."

Walikimbia. Katika chumba cha mwisho mtoto alikuwa amelala chali, nywele zimemganda kwenye paji la uso kwa jasho, na mama yake alikuwa kando yake akimpepea kwa kitambaa. Alipowaona akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu jamani. Usiku kucha kalia, ndiyo kwanza dawa imemtuliza."

Ibtihal aliizima mashine kwa kiganja. Akamtikisa mtoto, akamwita, mtoto hakuitika. Akapiga ukelele wa kutaka glukosi, maji ya sukari, mpaka korido nzima ikasikia, sauti ile ile ya mlango wa duka, na safari hii hakuna aliyeichukia. Madaktari wakaja mbio. Kabla glukosi haijaingia vizuri mwili wa Jad ulikwishashikwa na degedege, mikono na miguu ikiruka, kitanda kinalia, na mama yake anauliza, "Mmemfanya nini? Si alikuwa analala? Si alikuwa analala tu?"

Jad hakufa. Watu wengi walimwambia Ibtihal hivyo, wakidhani wanamfariji. Alitoka hospitali akiwa hai, lakini yule mtoto aliyekuwa akikimbiza paka wa jirani hakutoka. Aliyetoka alishikwa mkono ili atembee, na alimtazama mama yake kama anavyotazama dirisha.

Rawan alisimamishwa kazi. Kamati ya uchunguzi ikakiandikia chuo swali moja: je, muuguzi huyu alifundishwa kuchanganya dawa za dripu? Nayef akamwita Ibtihal, akammiminia kahawa.

"Sura ya tisa imo kwenye mpango wa masomo," akasema. "Imo kitabuni. Kuna mahali imeandikwa kwamba ilifutwa?"

"Hapana. Niliitamka."

"Hukutamka kitu. Chuo kilifundisha, binti hakusoma, basi. Mkataba wako huu hapa, nimekwishautia sahihi yangu. Safari hii wa miaka mitatu." Akausogeza mbele yake. "Siku ya kamati, wewe sema tu kwamba sura imo."

Na kweli ilikuwamo. Hakuambiwa aseme uongo hata neno moja. Hapo ndipo penye kutisha, ndugu zangu.

Nyumbani Ghaleb alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukisema, mtoto atapona?"

"Hapana."

"Yule binti atarudishiwa kazi?"

"Sijui. Sidhani."

"Basi nieleze, Mama Yazan. Hapana, nieleze nielewe. Atakayepata faida ni nani? Mimi nitakwenda wapi na mgongo wangu huu mbovu? Yazan tumwambie nini?" Mwanamume mzima alikuwa analia mbele ya soba, hajifichi. "Nyamaza mara hii moja tu. Nakuomba kwa Mungu, nyamaza."

Hajja Wasfiya, aliyerudi nyumbani akiwa mifupa na shuka, alidhaniwa amelala.

"Ghaleb," akaita kutoka kwenye godoro lake. "Ile dripu ya pili ilikuwa ya nani?"

Ghaleb akajipangusa macho, na Hajja akaendelea.

"Ilikuwa yangu. Mngeninyamazia na mimi?" Kisha akageukia ukuta.

Siku ya kamati Ibtihal alimkuta Rawan kwenye benchi la korido, peke yake, mikono katikati ya magoti. Akakaa kando yake. Rawan akasema:

"Mara ya kwanza nilifeli somo lako, daktari. Kabla sijaona matokeo nilikuandikia. Nilisema unatupa mgongo."

Ibtihal akafumba macho. "Ni wewe."

"Nilitaka ugeuke tu. Nikalipa tena, nikarudia somo, nikasema labda amesoma maoni yangu. Ukaingia, ukafuta." Akajipangusa pua kwa ncha ya hijabu. "Lakini nilishangilia, usidhani. Nilipiga dawati mpaka mkono ukavimba. Hilo siwezi kukusingizia."

Ndani, mwenyekiti wa kamati aliuliza kama sura ya tisa imo katika mpango wa masomo. Nayef alikuwa amekaa upande wa pili, miwani mkononi. Mama yake Jad alikuwa nyuma, amevaa nyeusi ingawa hakuna aliyezikwa.

"Imo," Ibtihal akasema. Nayef akavaa miwani yake. "Imo kwenye karatasi. Darasani niliifuta kwa mdomo wangu. Muhula baada ya muhula. Wanafunzi wangu wote wa miaka ile wako mahospitalini na hawaijui, watafuteni. Niliifuta ili wanipe alama nzuri, na walinipa."

Mama yake Jad akasimama, na hakupaza sauti.

"Kwa hiyo mlikuwa mnapeana zawadi," akasema. "Wewe unampa yeye, yeye anakupa wewe. Na mwanangu ndiye aliyelipa."

Mpaka leo Ibtihal husema hajawahi kupimwa kwa haki kama siku ile.

Mkataba ulichanwa. Vyuo vingine vilisikia, na milango ikafungwa. Rawan hakurudishiwa sare. Aliambiwa akasome upya, kwa pesa asizokuwa nazo. Hospitali zilitafuta baadhi ya wale wauguzi, zikachoka. Ghaleb sasa anabeba masanduku sokoni na mgongo wake ule, jioni haongei. Yazan alifaulu vizuri, na yuko nyumbani, ada hakuna. Katika nyumba ile maqluba hupinduliwa bila kuku, wakati mwingine bila bilingani, na anayeishika sufuria ni Ibtihal, maana Hajja hakuimaliza ile baridi. Ngao aliikuta siku moja imegeuzwa, uso ukutani. Hakuuliza aliyeigeuza.

Siku za Ijumaa, alasiri, Rawan huja, na wauguzi wengine wachache kati ya wale waliopiga madawati. Hukaa chini kuzunguka soba, na Ibtihal huwafundisha sura ya tisa. Hana ubao, huandika kwenye karatasi iliyo katikati yao. Kila mstari ukiisha huinua macho, akazitazama nyuso moja baada ya nyingine, akangoja. Shadi, yule wa shati linalolia, aliwahi kumwambia, "Tumeelewa, daktari, endelea tu." Akamjibu, "Wewe umeelewa. Huyu hajaelewa, mwone." Na kweli msichana wa pembeni alikuwa hajaelewa.

Jad na mama yake wanaishi barabara ya nyuma. Ibtihal alikwenda mara moja kubisha. Pazia likasogea, mlango haukufunguka. Huwaona wakati mwingine wakitoka, mtoto ameshikwa mkono, na yeye husimama mpaka wapite. Hawamtazami.

FUNZO

Mwalimu, mwanafunzi wako akikuandikia kwamba sauti yako ni mbaya, lia kidogo, kisha sahau. Akikuandikia kwamba hajaelewa, amka ukamfundishe. Kati ya maneno yote yaliyomuumiza Ibtihal, moja tu lingemwokoa, na alilichukia kwa sababu lilikuwa la kweli. Tafuta lako.

Mwanafunzi, unapombonyezea nyota mwalimu aliyekupunguzia kazi, jiulize unasifu nini. Na ukiwa na neno la haki la kumwambia, liseme tena na tena, usilibadilishe kwa shangwe.

Na ninyi wakuu, mnaoweka mkate wa mwalimu mikononi mwa vijana wenye haraka ya kuona matokeo, kisha mkanywa kahawa na kusema hamkumwagiza mtu afute: mlimwagiza.

Kazi ambayo mwalimu ameikimbia darasani haipotei. Ilimngoja Jad katika chumba cha mwisho, na mama yake akimpepea, akidhani amelala.